Uvimbe umekwisha, kifundo bado kinauma: nisubiri mpaka lini?

Swali: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Wiki 14 zilizopita nilikosea ngazi ya mwisho, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani na kifundo kikateguka. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Nilipumzika kabisa wiki tatu, nikaweka barafu kila siku na kumeza diklofenaki. Uvimbe umekwisha na weusi umekwisha, lakini mguu bado unauma jioni na ninaposhuka ngazi. Siku nikiwa na mawazo au sikulala vizuri, unauma maradufu. Daktari wa kwanza aliniambia hakuna kitu. Wa pili akasema nisiukanyage sana mpaka maumivu yaishe kabisa. Je, kuna kitu hakikuonekana? Au ndiyo kusema ninajitungia? Na hii bandeji ya kubana niivae mpaka lini?

Jibu: Dada yangu, pole kwa wiki zote hizo. Nianze na lile ninaloona ndilo linalokukosesha raha: hujitungii maumivu. Wala si wewe peke yako. Tafiti za watu walioteguka kifundo zilipokusanywa pamoja mwaka 2008, ilionekana kwamba kati ya asilimia 5 na 33 yao walikuwa bado wanasikia maumivu mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo "hakuna kitu" halikuwa jibu, ilikuwa njia ya kumaliza mazungumzo. Ila ushauri wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu umegeuza mambo nyuma mbele. Kwa jeraha la aina yako, lililokwisha kufikia umri huo, mguu ndio unaotangulia kufanya kazi, na maumivu hupungua yakifuata nyuma, tena kwa kuchelewa.

Kwanza tuondoe hofu ya mfupa. Tangu mwaka 1992 kuna vigezo vilivyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, vya kuamua nani aliyeteguka anahitaji eksirei: asiyeweza kwenda hatua nne, au anayeumia akibonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayochomoza pembeni mwa kifundo (zile sentimita 6 za chini), au kwenye mfupa wa katikati ya mguu upande wa ndani, au kwenye shina la mfupa unaoelekea kidole kidogo. Wewe eksirei ulipigwa na mfupa ulikuwa mzima. Hilo limekwisha. Ambacho eksirei haikioni ni ligamenti (kamba zinazofunga mfupa na mfupa) na gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), na gegedu nitaigusa mwishoni.

Sasa turudi pale kwenye ngazi. Ukikumbuka vizuri, maumivu yalikuja mara mbili. Ya kwanza yalikuwa makali, ya ghafla, na ulijua hasa ni wapi. Kitambo kidogo tu baadaye yakaja mengine, mazito, ya kupwita, yameenea mguu mzima. Sababu ni kwamba ngozi, ligamenti na utando unaofunika mfupa vimejaa ncha za neva zinazoshtuliwa na chochote kinachotishia kuuharibu mwili: kuvutwa kupita kiasi, joto kali, kemikali zinazovuja kwenye seli zilizopasuka. Baadhi ya neva hizo zina ala ya mafuta na hupeleka taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyingine ni nyembamba zaidi, hazina ala, na hujikokota kwa mita moja hivi kwa sekunde. Toka kifundoni mpaka uti wa mgongo ni kama mita moja. Yaani taarifa ya kundi la pili ilikuwa bado iko njiani wakati wewe umeshapiga yowe.

Halafu ukafanya jambo ambalo hakuna aliyekufundisha, nina hakika: ukaushika mguu kwa mikono miwili ukausugua. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwa nini kusugua kunasaidia. Taarifa za kuguswa husafiri kwenye neva nene, na zikifika uti wa mgongo hupunguza kiasi cha taarifa za hatari kinachoruhusiwa kupanda ubongoni. Nadharia yao imerekebishwa sana tangu hapo, lakini kiini kimebaki: taarifa kutoka kwenye jeraha huchujwa njiani, hupunguzwa au huongezwa, kabla hazijawa maumivu. Shika hilo, tutalihitaji.

Kilichoumia kwako, karibu hakika, ni ligamenti ya mbele upande wa nje, ile inayofunga mfupa mwembamba wa nje wa mguu na mfupa wa kifundo. Mguu ukipinda kwa ndani, hiyo ndiyo hutangulia kuvutika. Mishipa midogo ya damu ilipasuka pamoja nayo, damu ikaganda, na ndani ya saa chache seli nyeupe zikaanza kumiminika. Kundi la kwanza lilikabiliana na uchafu na vijidudu kama vipo. Siku ya pili na ya tatu likaja jingine lenye kazi ya kula mabaki ya seli zilizokufa na kutoa amri za ujenzi. Ule weusi uliouona ukiteremka hadi chini ya kisigino na kwenye vidole haukuwa jeraha lingine. Ilikuwa damu iliyovilia, ikishuka kwa uzito wake.

Wekundu, uvimbe, joto na maumivu: Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliyaorodhesha yote manne, na bado watu wanayapiga vita kana kwamba ni ugonjwa. Ni kazi. Miongoni mwa kemikali zinazomwagwa pale ni prostaglandini, ambayo hushusha kiwango kinachotosha kuzishtua neva. Katika neva hizo kuna kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho David Julius na wenzake walikitambua mwaka 1997 wakitumia kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Kwenye sehemu iliyovimba kiwango hicho hushuka, hadi joto la kawaida la mwili linatosha kukifungua. Ndiyo maana usiku wa kwanza mguu ulikuwa ukifukuta hata shuka likiugusa: mwili ulikuwa unahakikisha hukanyagi palipochanika.

Kuna watu wachache waliozaliwa bila uwezo wa kusikia maumivu kabisa. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba baadhi yao wana hitilafu katika jeni moja ya kurithi, SCN9A, inayotengeneza mlango wa chumvi kwenye neva hizo. Watu wa namna hii hujing'ata ulimi, huungua bila kujua, huvunjika mifupa na kuendelea kuikanyaga, na viungo vyao huharibika mapema kwa sababu hakuna kinachowaambia wabadilishe mkao. Siyo bahati hata kidogo.

Toka siku ya nne hivi hadi wiki ya sita ni wakati wa kujaza. Seli za ujenzi hutandaza nyuzi za kolajeni palipopasuka, haraka haraka, nyembamba, zimelala ovyo huku na huku. Kwa ngozi tunazo takwimu nzuri: jeraha la wiki moja lina kama asilimia 3 tu ya nguvu za ngozi nzima, wiki ya tatu kama asilimia 20, na kovu hata likikomaa halipiti asilimia 80 hivi. Ligamenti haiponi haraka kuliko hapo. Damu inayoifikia ni kidogo. Mfupa una upendeleo, maana hujiunga kwa mfupa halisi bila kuacha kovu.

Kisha huanza awamu ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui kwa sababu nje hakuna cha kuona: kolajeni ya dharura huvunjwa kidogo kidogo na kubadilishwa na iliyo imara. Hii huchukua miezi, mwaka au zaidi. Na hapa ndipo ugomvi wangu na ushauri uliopewa. Seli zinazofanya kazi hii huhisi mvuto. Ligamenti ikivutwa kwa kiasi, nyuzi mpya hupangwa kufuata upande wa mvuto na kovu huwa kamba inayofaa kwa kazi yake. Isipovutwa, nyuzi hubaki zimesokotana, zimenasa tishu za jirani, na kifundo huwa kigumu. Wiki tatu za kulala, barafu na bandeji hazikukudhuru vibaya, ila hazikukujenga pia. Misuli ya shavu la mguu ilinyauka bila wewe kuona. Ncha za neva zilizokuwa zikiuambia ubongo mguu umekaaje zilikatika pamoja na ligamenti na hazikufundishwa upya. Ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi.

Sasa mguu una wiki 14. Ligamenti imeungana, na haichaniki kwa kushuka ngazi. Kwa nini basi inauma?

Sehemu ya jibu ni ya kimwili tupu. Ukishuka ngazi, goti la mguu ulio nyuma husogea mbele ya vidole na kifundo hulazimika kujikunja sana. Kifundo kigumu hufika mwisho wake mapema na kubanwa kwa mbele. Jipime leo: simama ukielekea ukuta, kisigino kimekanyaga chini, sukuma goti liguse ukuta. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo mpaka umbali wa mwisho ambao goti bado linagusa bila kisigino kunyanyuka. Pima kwa rula toka kidole gumba hadi ukutani, kisha pima mguu mzima wa kushoto. Kulia kukipungua sentimita mbili au zaidi, hapo una kazi ya kufanya, na sehemu ya maumivu yako ya ngazini imepata jina. Maumivu ya jioni nayo mara nyingi ni misuli dhaifu iliyobeba mzigo wa siku nzima na kuchoka.

Sehemu nyingine iko kwenye neva. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha, kwa panya, kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe hubadilika na kuanza kuzikuza taarifa zinazoingia, hata kutoka sehemu ambazo hazikuumia. Mlinzi aliyeibiwa jana, leo akimwona paka anapuliza filimbi. Haongopi, anafanya kazi yake, ila kipimo chake cha hatari kimeshuka. Kwa watu wengi hali hiyo hutulia tishu zinapopona. Kwa wengine huchelewa, hasa mguu ukiendelea kulindwa kama yai, kwa kuwa kila siku ya kuchechemea ni ushahidi mpya kwa ubongo kwamba hatari bado ipo.

Ubongo hutazama mambo mengi kabla ya kutoa maumivu. Mwaka 1995 jarida la British Medical Journal lilieleza habari za fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15 ukatokeza juu ya kiatu. Kila msumari ulipoguswa alilia kwa maumivu, wakalazimika kumpa dawa kali. Kiatu kilipovuliwa, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole, ngozi haina hata mkwaruzo. Kinyume chake, daktari Henry Beecher, aliyehudumia askari wa Marekani huko Italia katika Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba takriban robo tatu ya waliojeruhiwa vibaya hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Kwao jeraha lilimaanisha kurudi nyumbani wakiwa hai. Fundi hakudanganya, na askari hawakuwa mashujaa kupita binadamu. Ukubwa wa maumivu na ukubwa wa jeraha ni vipimo viwili tofauti. Siku ya kwanza hukaribiana, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo vinavyoachana.

Ndiyo maana sishangai kwamba mawazo na kukosa usingizi vinauzidisha mguu wako. Ubongo una njia zinazoshuka hadi uti wa mgongo kuzima taarifa za hatari, na hutumia kemikali za jamii ya mofini unazozitengeneza mwenyewe. Mwaka 1978 Levine, Gordon na Fields walionyesha kwa wagonjwa waliong'olewa jino kwamba hata nafuu ya dawa isiyo dawa, ambayo mgonjwa anaamini ni dawa halisi, inaweza kuzuiwa kwa naloksoni, kizuizi cha mofini. Maana yake "ni mawazo tu" ni kauli ya ovyo, kwa kuwa mawazo yana kemikali zake. Usingizi mbaya hudhoofisha njia hizo. Na msongo haukuzi maumivu tu, huchelewesha hata kupona kwenyewe: katika utafiti wa mwaka 1995, wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walipona kidonda kidogo cha ngozi, cha milimita 3.5, kwa siku 49 kwa wastani, wakati wenzao wasio na mzigo huo walichukua 39. Kidonda kile kile, ukubwa ule ule. Kwa hiyo nikikuambia ulale mapema, chukua kama dawa. Na kama unavuta sigara, kuiacha nako ni dawa.

Kuhusu barafu na vidonge nitakuwa mfupi. Ule ushauri wa kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu ulitolewa na daktari Gabe Mirkin mwaka 1978, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisema barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Siku mbili tatu za mwanzo barafu hutia ganzi, na mimi simnyimi mtu. Wiki ya 14 haina kazi. Diklofenaki huzuia prostaglandini, jambo alilolieleza John Vane mwaka 1971 kwa aspirini na ndugu zake. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo, na uvimbe wako umekwisha. Kuimeza kila siku kwa miezi kwa ajili ya kifundo ni biashara mbaya. Iache. Siku ngumu, parasetamoli inatosha, usizidishe gramu 4 kwa saa 24, na upunguze zaidi kama una tatizo la ini.

Cha kufanya sasa. Asubuhi na jioni, fanya lile zoezi la ukutani mara kumi na tano, polepole. Kisha shika meza, nyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili, shuka taratibu ukihesabu hadi tatu. Mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Ukiweza bila taabu kwa wiki nzima, hamia kwenye mguu mmoja. Wakati unapiga mswaki, simama kwa mguu wa kulia peke yake, karibu na kitu cha kushika. Utatetemeka, vidole vitakamata sakafu. Huo mtetemeko ndio somo lenyewe. Ukizoea, fumba macho. Na tembea kila siku, ukiongeza kidogo kila wiki.

Itauma. Kipimo changu ni hiki: ukiyapa maumivu alama toka 0 hadi 10, hadi 3 au 4 wakati wa zoezi ni sawa, mradi asubuhi inayofuata mguu umerudi ulivyokuwa. Ukiamka maumivu yamezidi au mguu umevimba, ulikuwa umezidisha. Punguza nusu, usiache. Siku mbaya zitakuja katikati ya wiki nzuri na zisikurudishe kitandani. Linganisha mwezi na mwezi, usilinganishe jana na leo. Ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie mara chache, bora zaidi.

Kuna hali ambazo sitaki uzifanyie mazoezi bali urudi hospitali. Kifundo kinachokwama au kugonga kwa ndani na kuvimba kila ukitembea: hapo gegedu huenda imeumia, na kipimo chake ni MRI. Kifundo kinachokuachia ghafla mara kwa mara hata kwenye sakafu tambarare. Mguu unaounguza, unaobadilika rangi au kutoa jasho kuliko mwenzake, na hauvumilii hata soksi: hiyo ni hitilafu ya neva inayotibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa pakiwa na pumzi kukata, nenda siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Vivyo hivyo ganzi isiyoondoka, au maumivu ya usiku yasiyobadilika ukigeuka, pamoja na homa au kukonda. Na kama una kisukari, usitegemee maumivu yakuambie mguu ukoje. Ukague kwa macho kila siku.

Bandeji: ndani ya nyumba ivue leo. Njiani, kwenye mashimo na umati, ivae kwa wiki tatu nne zijazo kama inakupa ujasiri wa kutembea zaidi, na usilale nayo. Siku utakaposimama kwa mguu wa kulia, macho wazi, muda ule ule unaoweza kwa wa kushoto, iweke kabatini.